Mwanafunzi wa Wodi ya Nyuma

Hospitalini kwetu Nakuru hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wauguzi, wapishi, wafagizi, hata wagonjwa waliopata nafuu kidogo, wote walimwita Mwanafunzi. Alikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto, nywele zimeanza kumtoka kwenye paji la uso, na jina hilo lilimuudhi kila aliposikia likiitwa. "Mimi si mtoto wa shule," alikuwa akisema. Lakini ukimwita Daktari alikataa pia, tena kwa ukali zaidi. "Usinipe cheo ambacho sijakipata. Nikikipata nitakwambia." Basi tukabaki na Mwanafunzi, kwa sababu hilo angalau lilikuwa kweli.

Alikuwa anasomea kutibu akili za watu kwa mazungumzo. Digrii ya kwanza alikuwa ameipata ng'ambo. Ya pili, ile ambayo ingempa ruhusa ya kufanya kazi hiyo peke yake, ilibakiza kitu kimoja tu: mwaka wa mazoezi hospitalini, chini ya daktari ambaye mwishoni angeuhakikishia uongozi wa chuo kwamba mtu huyu ameiva. Chuo kilimkubalia afanye mazoezi hayo nyumbani. Alirudi Kenya katikati ya Hali ya Hatari, akiamini kwamba mwaka mmoja si kitu. Mwaka huo ulianza, ukakatika, ukaanza tena. Nilimwona akiuishi mara ya pili kwa hasira zaidi kuliko ya kwanza.

Mimi nilikuwa muuguzi msichana. Baba yangu alikuwa fundi katika karakana ya reli, alikuja kutoka upande wa magharibi akiwa kijana, na mimi nilizaliwa kwenye landi za reli, nyumba za wafanyakazi, palepale mjini. Wagonjwa waliniita Sista ingawa sikuwa nimefika daraja hilo, na mimi sikuwa na shida nalo. Nilipangiwa wodi ya nyuma, nyuma ya jiko, yenye madirisha ya vyuma, ambako watu waliosemekana wamerukwa na akili walikaa wakisubiri kupelekwa hospitali kubwa ya Nairobi. Huko ndiko Mwanafunzi alikopewa meza. Haikuwa na droo.

Alikuwa mtu wa haraka. Alitembea haraka, alikula haraka, alikunywa chai ikiwa bado inachoma ulimi kisha akalalamika kwamba imemchoma. Alivaa tai ya sufu aliyotoka nayo Uingereza, hata jua la Januari linapokausha ziwa na vumbi jeupe kupanda mpaka mjini. Viatu vyake vilikuwa vinang'aa daima, na alivitazama kila alipovuka uani, kama mtu anayehofia kuibiwa.

Lakini akikaa mbele ya mgonjwa, mtu huyo wa haraka alitoweka. Alikaa. Mgonjwa akinyamaza, naye alinyamaza. Sisi wauguzi tulikuwa na desturi ya kuwasaidia wagonjwa maneno. Mtu akisema, "Sista, mimi nikilala naona..." sisi tunadakia, "Unaota ndoto mbaya, ee?" Hapo Mwanafunzi aliinua kidole. "Usimmalizie." Tulilisikia neno hilo mpaka tukaanza kulitumia jikoni, mpishi akichelewa kutuambia kuna nyama au hakuna.

Kituko ni kwamba nje ya wodi alimmalizia kila mtu. Ukimwendea na habari, kabla hujafika katikati alikuwa ameshakueleza mwisho wake, na mara nyingi alikosea. Mkewe, mama mpole aliyekuwa akifundisha watoto wa kanisa kusoma, aliniambia siku moja tukichota maji, "Huko kwenu anasikiliza wagonjwa mchana kutwa. Akifika nyumbani masikio yamekwisha." Nilifanya kosa la kumpelekea maneno hayo kama mzaha. Hakucheka. Alinieleza, tukiwa tumesimama mlangoni na mimi nimeshika beseni la uchafu, tofauti kati ya kusikia na kusikiliza, na kwa nini mtu hawezi kuwa mganga wa watu wa nyumbani kwake. Nilipojaribu kusema kwamba labda mama alitaka tu kuongea naye, akasema, "Najua unachotaka kusema," akaendelea.

Njiani pia hakuwa na busara. Zama hizo ulikuwa husogei bila kusimamishwa. Asubuhi moja askari alimsimamisha karibu na stesheni, akamuuliza anafanya kazi gani.

"Nasomea akili za watu," akasema.

Askari akacheka. "Basi soma yangu."

Mtu mwingine angecheka pia, akapita. Mwanafunzi alimtazama vizuri, akamwambia, "Hujalala. Na kuna kitu unakiogopa."

Alichuchumalishwa kwenye jua mpaka zamu ya yule askari ilipokwisha. Alifika wodini viatu vimejaa vumbi. "Sista, nimemwambia ukweli! Aliniuliza mwenyewe!" Nikamwambia si kila swali ni swali. Akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemchuchumalisha.

Daktari wa kwanza kumsimamia alikuwa Mzungu mzee, mtaratibu, mwenye kikohozi. Alimpenda. Aliketi kwenye kona ya wodi akimsikiliza anavyozungumza na wagonjwa, kisha wakaenda kusimama chini ya mti wa mwarobaini, wakibishana mpaka chakula kipoe. Mwanafunzi alikuwa amekuja na kasha la picha kutoka chuoni, za kupima akili. Mgonjwa anaonyeshwa picha yenye upungufu, naye aseme ni nini kinakosekana.

Nakumbuka mtu mmoja wa reli kutoka stesheni ya Longonot. Kazi yake ilikuwa kugeuza njia za treni, na siku moja alinusurika chupuchupu kukanyagwa. Tangu hapo, filimbi ya treni ikilia, mikono yake ilikufa ganzi. Aliletwa kwetu amefungwa kamba, eti kichaa. Mwanafunzi alimwonyesha picha ya nyumba ya Kizungu. Juu ya paa hapakuwa na bomba la moshi.

"Hapa kinakosekana nini?"

Yule mtu aliitazama kwa muda mrefu. "Watu," akasema. "Nyumba hii haina watu."

Mwanafunzi aliandika sufuri, kwa sababu jibu la chuo lilikuwa bomba la moshi. Halafu akakaa amekunja uso mpaka jioni. "Nikimpa alama nimewadanganya wao," akaniambia. "Nisipompa nimemdanganya yeye."

"Si umpe tu? Nani ataona?"

"Mimi nitaona."

Sufuri ikabaki sufuri. Lakini kasha lile hakulifungua tena kwa mgonjwa huyo. Badala yake alimtoa wodini kila alasiri, wakatembea mpaka mahali ambapo reli inasikika kwa mbali, wakasimama. Siku nyingine wakasogea. Walisogea hivyo kidogo kidogo mpaka wakaweza kusimama kwenye uzio wa stesheni, treni ya mizigo ikipita, yule mtu ameshika waya, jasho linamtiririka, Mwanafunzi kando yake amenyamaza kimya. Alirudi Longonot akiwa mzima. Reli walimweka stoo badala ya njiani, lakini alirudi, na mkewe alikuja kumchukua amevaa nguo ya Krismasi.

Daktari mzee alifurahi sana. Alisema ataandika chuoni, na ataandika mambo mazuri. Kabla hajaandika, kikohozi kilimzidi, akachukuliwa kwenda kwao Ulaya akiwa amelala kwenye machela. Baadaye tukasikia amefariki. Mwanafunzi alimlilia kwa dhati, kisha akagundua kwamba pamoja na mzee huyo umekwenda mwaka wake mzima.

Daktari mpya alikuwa kijana, mtanashati, na hakuamini mambo ya kuongea. Alisema mtu akirukwa na akili kuna dawa, kuna umeme wa kichwani, kuna Nairobi. Alisema hawezi kuitolea ushahidi kazi ambayo hakuiona, kwa hiyo mwaka uanze upya. Mimi nilidhani Mwanafunzi atarusha meza ile isiyo na droo. Alisema, "Ndiyo, Bwana," akatoka nje, akasimama akitazama viatu vyake. Tulipokuwa peke yetu akaniambia, "Ana haki. Hakuona." Nilimkasirikia zaidi kuliko nilivyomkasirikia daktari. Kuna watu wanaoonewa halafu wanamsaidia mwonevu kutafuta sababu.

Ndipo akaletwa mama mmoja.

Alikuwa Mgikuyu, kibarua wa kuchuma maua ya pareto katika shamba moja juu kule Mau. Malori yalikuja shambani, watu wakapelekwa kambini kuhojiwa juu ya wapiganaji wa msituni, na huko, baada ya mambo ambayo hatukuambiwa, aliacha kusema. Hakusema jina lake, hakuomba maji. Afisa wa kambi alidhani anajifanya. Daktari mpya akakubali akae kwetu achunguzwe, askari akawekwa nje ya mlango wa wodi.

Mwanafunzi alijua Kigikuyu cha mashambani kwa sababu aliwahi kufundisha shule upande wa Njoro. Mimi nilikijua kwa majirani wa utotoni. Kwa kuwa mgonjwa alikuwa mwanamke, niliamriwa niwepo kila anapokaa naye. Kwa hiyo ninachosimulia hapa nilikiona.

Siku za mwanzo alimuuliza maswali, kwa sauti ya chini, moja moja. Hapana jibu. Akamwonyesha picha, mama akaangalia ukuta. Mwishowe aliacha kila kitu, akaenda jikoni akaomba mahindi makavu yaliyo bado kwenye magunzi, akaketi sakafuni na tai yake, akaanza kupukuchua. Mama alimtazama. Kesho yake naye akachukua hindi. Wiki zikapita hivyo, watu wawili wakipukuchua mahindi na mimi nikishona shuka zilizochanika, hakuna anayesema neno. Kwa mtu kama Mwanafunzi ilikuwa adhabu. Tukitoka nje alikuwa anaongea bila kupumua mpaka getini, kama chupa iliyofunguliwa.

Alasiri moja mvua ya mawe ikashuka. Mabati yalipiga kelele mpaka wagonjwa wengine wakaziba masikio. Mama aliacha kupukuchua, hindi mkononi, akainua macho kwenye dari. Akasema kwa Kigikuyu, kwa sauti iliyokauka, "Pareto itaharibika."

Sindano ilinidondoka. Mwanafunzi hakusogea. Alisema tu, "Itaharibika yote?"

"Iliyofunguka yote," akasema mama.

Sijawahi kuona uso wa mtu ukiwa na furaha iliyozuiliwa namna ile. Alipukuchua mahindi yake taratibu, akaacha mvua ipite. Tulipotoka nje aliegemea ukuta wa jiko akacheka peke yake, machozi yanamtoka, mpishi akaniuliza kama naye sasa amepata ugonjwa.

Tangu siku hiyo mama alizungumza, kidogo tu, na mbele yetu wawili tu. Alizungumza habari za watoto wake. Siku ya malori alikuwa amewaacha kwa jirani, na jirani naye alichukuliwa. Alitaka kujua wako wapi. Mwanafunzi aliuliza kanisani, aliuliza kwa mkuu wa wilaya, akafukuzwa kama mbwa. Alimtuma hata mkewe kwenda kuuliza kule shambani. Watu wa shamba walikuwa wamerudishwa kwa nguvu katika maeneo ya asili ya Wagikuyu, hakuna aliyejua nani alikwenda na nani. Kila siku mama alimuuliza, na kila siku alimjibu kwamba bado. Hakumdanganya hata siku moja, ingawa mara nyingine nilitamani amdanganye.

Mwaka ukafika mwisho. Daktari mpya akamwita ofisini, akamwambia jambo ambalo alinirudia nalo uso umebadilika. Chuo kilitaka kazi moja iliyokamilika, mgonjwa mmoja aliyesaidiwa. Kama yule mama amefunguka, jinsi askari wa mlangoni alivyoshuku, alisema daktari, hiyo inatosha kabisa, yeye atatia sahihi kwa moyo mweupe. Na Bwana Afisa atakuja Alhamisi kumchukua, kwa sababu mtu anayeweza kusema anaweza kuhojiwa.

"Kwa hiyo?" nikamuuliza.

"Kwa hiyo amepona," akasema, "na kupona kwake ndiko kutakakomrudisha kule."

Nikamwambia aseme mama ni mgonjwa bado, basi. Nilidhani ni jambo rahisi. Aliniambia, kwa upole ambao haukuwa wa kawaida yake, kwamba nimesahau nusu. Afisa angeketi na mama mwenyewe. Angemtishia, angemtajia watoto. Mtu aliyeanza kusema ni vigumu kumrudisha kimya.

Jumatano alasiri tuliketi kama kawaida. Mahindi yalikuwepo. Mwanafunzi hakuyagusa. Alimweleza mama kila kitu kwa maneno mepesi, nani anakuja na kwa nini. Kisha akasema, "Mama, nakuomba unyamaze tena."

Mama alimtazama, akanitazama mimi. Akauliza, "Mpaka lini?"

"Sijui," akasema Mwanafunzi.

Huyo ndiye mtu aliyesoma miaka yote hiyo, akavuka bahari, akaanza mwaka upya, ili ajue namna ya kumfanya mtu aseme. Mama akainamisha kichwa. Hakutuambia neno jingine, si siku hiyo wala baadaye, hata tulipokuwa sisi wenyewe na mlango umefungwa.

Alhamisi afisa alikuja na kofia yake mkononi. Alikaa na mama asubuhi nzima, akapiga meza, akataja watoto. Nilikuwepo. Mama aliangalia ukuta. Hatimaye tukaitwa ofisini, mimi na Mwanafunzi, daktari akiwa nyuma ya meza.

"Sasa wewe," afisa akamwambia Mwanafunzi kwa Kiswahili chake, "huyu bibi nasema ama hapana?"

"Hapana, Bwana. Nimekaa naye muda wote huu. Nimeshindwa."

"Shindwa kabisa?"

"Kabisa."

Afisa akanigeukia. "Wewe? Nasikia yeye nasema?"

"Sijamsikia, Bwana," nikasema.

Daktari hakuwa mjinga. Alimwambia Mwanafunzi kwa Kiingereza, polepole, kwamba anaelewa maana ya anachokisema, kwamba kazi yake yote ya mwaka ni mgonjwa mmoja asiyesaidiwa, na kwamba hivyo ndivyo chuo kitakavyoambiwa. Mwanafunzi akasema anaelewa. Akaongeza, kwa ukaidi wake, kwamba angeomba pia waambiwe kwamba ratiba ya wodi ilimnyima nafasi. Nilitaka kumkanyaga mguu. Hata katika saa ile alitaka kubishana.

Mama alipelekwa Nairobi kama mgonjwa asiye na tumaini. Hakurudishwa kambini, hilo tulilijua. Zaidi ya hapo, mpaka leo sijui kitu. Sijui kama alisema tena, wala kama watoto walipatikana. Nimewahi kuwaza kwamba labda angerudishwa kambini, akahojiwa siku moja, akaachiliwa, akawatafuta watoto wake mwenyewe. Hakuna wa kuniambia. Nilipomwuliza Mwanafunzi kama anadhani tulifanya vizuri, alinijibu kwa hasira, "Unadhani nina mahali pa kwenda kuuliza?"

Chuo kilimjibu kwamba hakufaulu. Alijaribu kupata nafasi nyingine Nairobi, hakuipata. Akarudi kufundisha hesabu katika shule za upande wa Rongai na Salgaa, na wanafunzi wake walimwogopa.

Miaka mingi ilipita. Nchi ilibadilika, nami nikawa mkuu wa wauguzi palepale hospitalini. Siku moja chuo kikuu kikatuletea vijana wanaosomea digrii ya pili katika kazi ileile, waje kufanya mazoezi kwetu na mhadhiri wao. Nilipowaona wameketi na nguo zao safi nilienda mtaa wa Free Area, alikokuwa amejenga baada ya kustaafu, nikamwomba aje azungumze nao. Mkewe alikuwa ameshafariki. Alinikaripia kwa kuja bila kumpa taarifa, akakataa, akaniuliza wanakutana saa ngapi.

Alikuja akiwa amevaa suti. Aliketi nyuma, karibu na mlango, mikono juu ya magoti. Binti mmoja alikuwa anaeleza habari za mgonjwa wake, mwanamume aliyepoteza kazi, na jinsi alivyotambua ugonjwa wake katika mazungumzo yao ya kwanza. Mwanafunzi akasimama kabla hajaruhusiwa.

"Ulijuaje haraka hivyo?"

Binti akasema dalili zilikuwa wazi.

"Wazi kwa nani? Ulikaa naye? Ulinyamaza?" Akaanza kueleza. Alieleza kwa kirefu, sauti inapanda, mambo manne kwa wakati mmoja, habari za picha za kupimia na nyumba zisizo na watu, na sisi tuliomjua ndio tu tungeweza kumfuata. Vijana wakaanza kutazamana. Mmoja akaficha mdomo kwa mkono. Mhadhiri, mtu muungwana, alingoja apumue, akasema, "Asante sana, mzee. Tumeelewa."

"Hamjaelewa," akasema Mwanafunzi.

Akachukua kofia yake akatoka, chai yake haijaguswa, mlango ameuacha wazi. Nilisimama nimfuate, lakini nilipofika barazani alikuwa ameshavuka geti, anatembea kwa ile haraka yake, na miguu yangu haikuwa ya kukimbizana tena. Nikarudi ndani.

Yule binti aliniinamia, akauliza kwa sauti ya chini, kwa heshima kabisa, "Matroni, yule mzee ni mgonjwa wa hapa?"

"Ni mwenzenu," nikasema.

Wakacheka, wakidhani ninatania.